Risala ya wazazi wa watoto wa hoki kwa Mgeni Rasmi, Lewiston, Maine, Marekani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kikundi chetu,
Viongozi wa dini na wazee wetu mliopo,
Makocha wetu wa kujitolea,
Wazazi wenzangu, na ninyi wanetu mliokaa hapo mbele na jezi zenu,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa msimu huu tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, na tunakushukuru zaidi kwa kufika saa ile uliyotuambia. Mwaka jana mgeni wetu tulimngoja mpaka akina mama wakarudisha sufuria jikoni mara mbili. Leo ulipoingia mlangoni saa nane kamili, mioyo yetu ilitulia.

Risala hii tumeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha sisi tuliotoka Uvira na Bukavu, wenzetu wa Bujumbura, wa Mombasa, na ndugu zetu Wabantu wa Somalia. Baadhi yetu tulifundishwa kuandika risala kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa walimu waliotuambia kwamba mgeni rasmi haji kula tu, huja kusikia. Kijana anayekutafsiria hapo pembeni tumemwomba asiruke sentensi hata moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Turuhusu tupite haraka kwenye historia. Hoki hii ya barafuni haikuja Lewiston na sisi. Ililetwa na Wafaransa wa Quebec, jimbo la Kanada, waliokuja kwa treni karne ya kumi na tisa kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba kando ya mto Androscoggin. Walikuwa wageni, walisema lugha nyingine, walisali kivyao, na wapo waliowachukia kwa hayo yote. Mwaka 1919 jimbo hili lilipitisha sheria ya kufundisha kwa Kiingereza tu shuleni, na watoto wao wakakemewa kwa kusema lugha ya mama zao. Lakini watoto wale walikuwa na barafu. Uwanja wao wa kwanza wa St. Dominic, shule yao ya Kikatoliki, uliungua, wakajenga mwingine, ukafunguliwa 1958. Ndio huo ulioko mtaa wa Birch, ambao wengi mnauita Colisée. Dunia nzima inaujua kwa sababu tarehe 25 Mei 1965 Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston humo ndani katika raundi ya kwanza, na picha ya Ali amesimama juu ya mwenzake inaning'inia kwenye vibanda vingi vya vinyozi kule kwetu, ingawa hakuna kinyozi anayejua kwamba jengo lile lilijengwa kwa ajili ya hoki ya watoto wa shule.

Katika jengo hilo ndimo ilimochezea Lewiston Maineiacs. Timu ile ilianza 1969 huko Trois-Rivières, ikahamia Sherbrooke 1992, na mwaka 2003 ikavuka mpaka ikaja kwetu. Ilikuwa timu ya vijana wa miaka 16 hadi 20, katika ligi kuu ya vijana ya Quebec, nayo wakati huo ndiyo pekee katika ligi hiyo iliyokuwa na makao yake Marekani. Jiji lenye watu kama elfu thelathini na saba, likishindana na Quebec City na Halifax! Na mwaka 2007, chini ya kocha Clément Jodoin, vijana wale walitwaa Kombe la Rais wa ligi, kisha wakaenda Vancouver kushindania Kombe la Memorial, ambapo mabingwa wa ligi kuu za vijana hukutana. Mpaka leo hakuna timu nyingine ya Marekani iliyowahi kulitwaa Kombe hilo la Rais. Golikipa wao alikuwa Jonathan Bernier, na mshambuliaji mmojawapo David Perron. Wote wawili walikwenda kucheza ligi ya wakubwa, na wote wawili majina yao yamechongwa kwenye Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo ya wakubwa, Bernier mwaka 2012 na Los Angeles, Perron mwaka 2019 na St. Louis.

Mwaka 2011 ligi iliinunua timu ile na kuifunga. Wachezaji wakagawiwa kwa timu nyingine, na mwaka uliofuata Sherbrooke wakapata timu mpya. Sisi hatukupata timu nyingine ya ligi hiyo.

Kuna jambo moja la historia ile ambalo tunapenda ulibebe moyoni, Mheshimiwa. Katika hoki ya vijana, mchezaji anayetoka mbali hupangiwa familia ya kukaa nayo. Kijana wa miaka 16 kutoka Quebec, ambaye hajui vizuri Kiingereza, alipewa chumba, akalishwa na akapelekwa mazoezini na mama ambaye si mama yake. Watu wa Lewiston na Auburn, mji wa ng'ambo ya mto, walifanya hivyo kwa miaka minane. Jiji hili linajua kumpokea mtoto wa mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kikundi chetu kilianza majira ya baridi matatu yaliyopita, wakati wazazi sita tulipogundua kwamba watoto wetu wanacheza hoki kwenye maegesho ya magari nyuma ya majengo tunayoishi, kwa vijiti vya mifagio na chupa ya plastiki iliyojazwa maji ikaganda. Kocha mmoja mstaafu, mzaliwa wa hapa, aliwaona akipita na mbwa wake. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba watoto hawa wanaweza. Leo yupo hapa, na tunaomba asimame apigiwe makofi, maana hajawahi kulipwa hata senti.

Katika muda huo mfupi tumepata mafanikio makubwa. Tuna katiba, tuna akaunti ya benki, tuna jezi za rangi ya bluu ambazo akina mama wamezishonea namba kwa mkono. Watoto wote waliobaki wanaweza kusimama kwenye barafu bila kushika ukuta, na kumi na moja kati yao wanateleza kinyumenyume. Tumecheza mechi saba. Tulishinda moja. Mwezi wa Februari tulitoka sare ya tatu kwa tatu na timu ya mji wa jirani ambayo ina makocha wanne na basi lake, na siku hiyo golikipa wetu wa miaka tisa alizuia mashuti ishirini na sita, tuliyahesabu wenyewe. Kwetu sisi sare ile ni ya kihistoria. Hakuna mtoto aliyevunjika mfupa. Mmoja wa wasichana wetu ameteuliwa kusaidia kufundisha wadogo, naye ndiye aliyekuvisha shada ulipoingia. Walimu wa shule wametueleza kwamba watoto wa kikundi hiki wamepunguza utoro.

Na kabla hujajiuliza kama watoto wa wakimbizi wana nafasi katika michezo ya jiji hili, tunakukumbusha mwaka 2015. Timu ya soka ya Lewiston High School ilitwaa ubingwa wa jimbo, na wengi wa wachezaji wake walikuwa watoto wa Kisomali na wa nchi nyingine za Afrika, waliolelewa kwenye mitaa hiihii. Siku ile jiji zima lilisema hawa ni watoto wetu. Soka inataka uwanja na mpira. Hoki inataka barafu, na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hatukuletei orodha. Tunajua wageni rasmi huletewa orodha ndefu, wakachagua jambo dogo kuliko yote. Tuna ombi moja. Tunaomba saa moja ya barafu kwa wiki, katika muda ambao mtoto anatakiwa kuwa macho.

Uwanja tunaoutumia, ambao hatutautaja leo kwa sababu hatukuja kumgombanisha mtu, umetupa saa yetu Jumapili, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri. Hiyo ndiyo saa ya kuingia kwenye barafu. Mtoto wa hoki havai kama mtoto wa soka. Kuna kinga za magoti, za mabega, za viwiko, kuna kaptura nene, kofia ngumu yenye wavu, glavu, halafu viatu. Mtoto wa miaka minane hawezi kufunga viatu vya barafu mwenyewe. Kamba inavutwa tundu kwa tundu kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, na ikilegea mahali pamoja mguu unapinda. Mzazi anaizungusha kamba mkononi apate kuivuta. Ukitazama viganja vya akina mama waliokaa hapa utaona mistari myekundu. Hiyo kazi yote inachukua nusu saa. Kwa hiyo tunatakiwa kuwa uwanjani saa kumi na moja na robo, na mtoto anaamshwa saa kumi na robo usiku, maana saa hizo hakuna basi, na gari moja linakwenda safari tatu kukusanya watoto.

Mheshimiwa, wengi wetu tunafanya kazi zamu ya usiku. Tunatunza wazee, tunasafisha hospitali, tunafunga bidhaa maghalani. Mzazi anayetoka kazini saa kumi alfajiri hana pa kuweka kichwa. Anapitia nyumbani, anamwamsha mtoto, anamvalisha koti juu ya nguo za kulalia, na anaendesha gari akiwa amefungua dirisha ili baridi imzuie kusinzia.

Jumapili moja ya Januari baridi ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Gari la mama mmoja lilikataa kuwaka. Kwa mujibu wa akili ya kawaida angerudi kitandani. Alichukua begi la vifaa la mwanawe akaliweka kichwani, kama tunavyobeba mzigo kwetu, akamshika mtoto mkono, wakatembea kwenye theluji iliyokuwa haijakwanguliwa. Walifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Alipiga magoti kwenye sakafu ya mpira ya chumba cha kubadilishia nguo, vidole vimekufa ganzi, na kwa sababu hakuweza kushika kamba alizivuta kwa meno. Mtoto akapata dakika nane za barafu. Mimi katibu nilikuwepo. Nilimwona yule mama amesimama nyuma ya kioo, theluji kwenye nyusi zake ikiyeyuka, anahesabu kila mara mwanawe anapogusa kwa gongo lake kile kipande cha mpira mgumu kinachochezewa hoki. Mara tano. Alituambia mara tano. Mtoto huyo ndiye golikipa wa ile sare ya tatu kwa tatu.

Dakika nane, kwa sababu saa ya barafu si dakika sitini. Ni dakika hamsini. Kumi zilizobaki ni za mashine ya kusawazisha, inayopita kukwangua na kumwaga maji ya moto ili uso ugande laini kwa kundi linalofuata. Sisi tunatoka saa kumi na mbili na dakika arobaini, na mashine ikishaingia hakuna wa kuisimamisha.

Msimu ulipoanza Oktoba tulikuwa na watoto thelathini na mmoja. Daftari la mahudhurio ninalo mimi, na kila Jumapili nimeandika tarehe na majina. Novemba walikuwa ishirini na saba. Krismasi ilipopita, kumi na tisa. Sasa ni kumi na wanne, hao unaowaona. Wale kumi na saba hawakuacha kwa kuchoshwa na hoki. Kuna mvulana anayepita dirishani kwangu kila jioni na gongo lake, anagonga jiwe kwenye lami mpaka giza linaingia. Mama yake ana watoto watano na zamu ya usiku. Nimwambie nini?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Huenda utauliza kwa nini tusiombe tu saa nyingine. Tumeomba. Tumeandika barua nne, nakala zimo kwenye faili la bluu mezani. Jibu tulilopewa ni kwamba ratiba ya barafu ina utaratibu wake: aliyekuwa na saa mwaka jana ndiye mwenye haki ya kwanza mwaka huu. Anayekuja mpya huchukua kilichobaki. Tunauheshimu utaratibu huo, na tunaelewa uwanja unahitaji wateja wa uhakika, kwa sababu kugandisha barafu ni gharama ya umeme mchana na usiku. Lakini kwa utaratibu huo, mwaka 2040 wajukuu zetu wataamshwa saa kumi na robo. Familia zilizokuja jana hazitakuwa kamwe zilizokuwepo mwaka jana, mpaka mtu mwenye sauti aseme neno kwenye kikao.

Na watu wenye sauti wamekwisha kupita hapa. Tunasema haya kwa heshima yote, na kwa shukrani, kwa sababu kila mmoja alifika, alikula nasi na alipiga picha na watoto. Mgeni wetu wa mwaka wa kwanza alisimama mahali hapohapo uliposimama ulipotusalimu, akasema kabla theluji haijayeyuka tutakuwa tumepata saa ya jioni. Theluji ile iliyeyuka, ikaja nyingine, nayo ikayeyuka. Mgeni wa mwaka wa pili aliichukua barua yetu kwa mikono miwili, akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Tulipiga makofi kwa muda mrefu. Nilipopiga simu baada ya wiki tatu nilielezwa kwamba ofisi haina kumbukumbu ya barua hiyo. Nilipeleka nyingine. Mgeni wa mwaka jana, yule tuliyemngoja, alituletea magongo kumi na mawili ya watu wazima. Tulimshukuru kwa dhati na tunamshukuru tena leo, maana tuliyakata kwa msumeno kwenye chumba cha chini cha jengo la mwenyekiti, na watoto wanayatumia. Lakini gongo bila barafu ni fimbo. Saa ya jioni aliyoahidi palepale, mbele ya watoto, hatujaipata.

Watoto wanakumbuka, Mheshimiwa. Sisi watu wazima tumezoea ahadi, tumeishi kambini, tunajua maneno ya mgeni huishia kwenye vumbi la gari lake. Wao hawajazoea. Baada ya mgeni wa kwanza kuondoka, binti yangu alichora kalenda akaibandika jikoni, akawa anafuta siku mpaka theluji iyeyuke. Nilikuja kuitoa mwenyewe usiku mmoja wa Mei, akiwa amelala. Wiki hii aliposikia kuna mgeni tena, aliniuliza kama huyu naye atasema kabla theluji haijayeyuka. Nilimwambia huyu tutamwomba aandike.

Kwa hiyo ombi letu tumelipima ili lisikulemee. Tunaomba saa moja kwa wiki, kuanzia Oktoba hadi Machi, siku yoyote kati ya Jumatatu na Ijumaa baada ya shule na kabla ya saa moja usiku, au Jumamosi kabla ya adhuhuri. Hatuiombi bure. Saa moja ya barafu ni mamia ya dola, na tunaijua bei hiyo kwa sababu tumeilipa kila wiki, bila kuchelewa hata mara moja. Kila familia inatoa mchango kila mwezi, akina mama wanauza sambusa na maandazi baada ya ibada, na risiti zote zimo kwenye lile faili la bluu. Tunaomba pia timu yoyote itakayotuachia saa yake isichukuliwe kuwa imepoteza haki yake, ili pasiwe na wa kutuchukia. Tuko tayari kubadilishana, hata kwa majuma mawili kwa mwezi, tukaanzia hapo.

Kikao cha kugawa ratiba ya msimu ujao ni mwezi wa nane. Tunaomba uhudhurie, au utume mtu mwenye barua yako. Mwenyekiti wetu na mimi tutakuwepo, na tutakaa nyuma kimya kama tulivyoelekezwa mwaka jana, lakini safari hii tungependa mtu wa mbele awe anatufahamu.

Barua hiyo tumekwisha kuiandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na nafasi ya sahihi yako iko chini. Tumetoa nakala tatu: moja yako, moja ya uwanja, na moja ya ukuta wa jikoni kwangu. Ziko mezani mbele yako, kando ya maua, na kalamu iko juu yake. Chakula kiko tayari, pilau na kuku na sombe, na akina mama wamesema watapakua mara tu utakapomaliza kusoma na kutia sahihi. Ukiona kuna neno la kurekebisha, tafadhali lirekebishe hapahapa, tuko tayari kungoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakutakia afya njema wewe na familia yako.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wazazi